Kabla hujalipia iCloud au kununua Mac ya kazi, piga hesabu kwanza

Watu wanalalamika sana kuhusu GB 5 za bure za iCloud, ile hifadhi ya mtandaoni ya Apple, na wana haki aisee, ni zilezile tangu 2011. Ingia setingi za iPhone, bonyeza jina lako, kisha iCloud, uone nini kinakula nafasi, mara nyingi utakuta bakapu ya simu ulishaiuza zamani, futa hiyo kwanza. Bado imejaa? Kwa bei ya Marekani GB 50 ni dola 0.99 kwa mwezi, GB 200 ni 2.99, halafu inaruka mpaka TB 2 kwa 9.99, katikati hakuna kitu, ndo kinachoudhi. Na ujue picha za iCloud zinasinki tu, yaani ukifuta picha kwenye simu na kule inaondoka, kwa hiyo hadidiski ya nje bado unaihitaji.

Upande wa mashine, yaani kompyuta za mezani za Apple, Mac Pro ya 2023 ilianzia dola 6,999 na Mac Studio ya mwaka uleule yenye chipu ileile ya M2 Ultra ilianzia 3,999. Kama huna kadi za PCIe (zile kadi za ziada za ndani ya mashine) za kuchomeka, mi naona chukua Studio tu, ila memori nunua ya kutosha siku ileile maana baadae huongezi, storeji utachomeka SSD ya nje.