Ukiunga ziara ya kosta na wazee, siti ya mbele waachie

Wewe kijana ukipata nafasi kwenye ziara ya Kilwa Kisiwani inayotoka Mtwara afu ukakuta kosta nzima wastaafu, usinune. Salimia kila siti, shikamoo zako ziwe za kutosha, afu kaa katikati, mbele waachie wao wenye magoti yanayouma. Wanasimamisha gari kuchimba dawa kila baada ya muda kwahiyo ratiba ya kwenye karatasi isahau tu, ila nawe shuka unyooshe miguu maana Lindi hadi Nangurukuru, njia panda ya kuingia Kilwa Masoko, sio karibu ati.

Beba korosho pakiti mbili, moja ya kugawa. Mimi nilimpa bibi mmoja wa pembeni yangu, akanisimulia walivyokuwa wanalala foleni ya pantoni Rufiji kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa 2003, mtoto mgongoni, mvua juu, muongozaji mwenyewe akanyamaza kusikiliza.

Kilwa Masoko mnapanda boti, vaa ndala za kulowana, na mshike mkono mzee mmoja wakati wa kushuka bila kusubiri kuombwa. Kofia pia, Husuni Kubwa, yale magofu ya kasri huko kisiwani, jua halina huruma.