Simu, saa za jioni na matokeo ya S4: jinsi ya kujipanga

Mwanafunzi wa kutwa wa S4 (kidato cha nne) nchini Uganda akifika nyumbani saa 12 jioni, akalala saa 3 na nusu na kuamka saa 11 na nusu alfajiri, amepata saa 8 za usingizi. Hicho ndicho kiwango cha chini kinachopendekezwa kwa vijana wa miaka 13 hadi 18. Zimebaki saa tatu na nusu za kuchota maji, kuoga, kula na kusoma. Nafasi ni finyu, na ndani yake ndimo TikTok na WhatsApp zinamoingia.

Anza kwa kupima. Kwa siku 7 usibadilishe chochote, bali chora safu nne kwenye daftari: saa, nilikuwa nafanya nini, kwa nini nimeshika simu, dakika ngapi. Simu nyingi za Android huhesabu pia muda wa kila programu. Tafuta kwenye mipangilio, kisha linganisha. Mstari mmoja utasomeka hivi: saa 1 na dakika 10 usiku, hesabu ya moli ya kemia, ujumbe wa gurupu, dakika 25. Hasara hapo inazidi dakika 25. Ukirudi, uwiano uliokuwa umeushika kichwani umeshatoka, na swali unalianza upya.

Wiki ya pili ndiyo ya kupanga. Magurupu ya darasa huwezi kuyahama, maana walimu hutuma humo notisi na kazi. Yanyamazishe yote. WhatsApp inakupa saa 8, wiki 1 au daima, chagua daima. Ingia mara moja tu, saa 12 na nusu: pakua faili, nakili maswali kwa mkono, zima data, kisha mpe mama au dada mkubwa simu aiweke chumba kingine. Kuigeuza kifudifudi mezani hakutoshi, kwa sababu mkono utaifuata tu.

Wengi hukwama hapa: simu ndiyo saa yao, kikokotoo chao, na umeme ukikatika ndiyo tochi yao. Kila ukitaka kugawa namba unakutana na stetasi za watu. Tafuta taa ndogo ya sola, saa ya ukutani na kikokotoo cha kawaida. Kikokotoo utakihitaji hata hivyo, kwani UNEB, baraza la mitihani la Uganda, hairuhusu simu katika chumba cha mtihani.

Soma dakika 40, pumzika 10 ukiwa umesimama, bila simu. Dakika 10 za mwisho funga kitabu uandike unachokumbuka.

Bando la usiku ni mtego mkubwa kuliko yote. Ni la bei nafuu, na tangu Julai 2021 data inatozwa kodi ya asilimia 12, kwa hiyo kijana anaona ameokoa shilingi. Lakini anailipa kwa usingizi, na usingizi ndio unaotuliza kichwani yale aliyosoma mchana. Nunua bando dogo la mchana. Kama unaingia Facebook kwa VPN (programu ya kukwepa kizuizi cha mtandao), kama wengi wanavyofanya tangu Facebook ilipofungwa nchini Januari 2021, zima VPN hiyo ukimaliza. Ikiachwa wazi inakula betri na data.

TikTok huwawekea walio chini ya miaka 18 kikomo cha dakika 60 kwa siku. Uliyeandika mwaka wa uongo wa kuzaliwa hukipati, basi kiweke mwenyewe kwenye mipangilio, na nenosiri ajue mtu mwingine.

Wazazi: mpira, netiboli na kwaya msiviguse. Mzazi anayefuta michezo na kunyang'anya simu moja kwa moja atakuta mtoto ameazima ya rafiki.

Kazi hii ianze mapema, S3 ikiwezekana. Katika mtaala ulioanza 2020, asilimia 20 ya matokeo ya UCE, mtihani wa mwisho wa S4, hutokana na tathmini endelevu ya shuleni, na miradi yake haifidiwi kwa kukesha wiki ya mwisho.

Wiki ya nne pima tena. Dakika zikipungua na majaribio yakapanda, endelea hivyo hivyo. Dakika zikipungua na alama zikabaki palepale, tatizo si simu: chukua jaribio la mwisho, umpelekee mwalimu wa somo, mpitie swali kwa swali ulipokosea.