Kufungua huduma ya kunukuu sauti na kuweka manukuu ya video kwa akili mnemba

Kati ya biashara ndogo unazoweza kuanzisha kwa akili mnemba, hii ya kugeuza sauti ya Kiswahili kuwa maandishi ina wateja wa kweli. Yupo mwanafunzi wa shahada ya uzamili mwenye rundo la mahojiano ya utafiti, kanisa au msikiti unaotaka mahubiri na mawaidha yasomeke mtandaoni, mwenye chaneli ya YouTube, na kikundi cha akiba kinachodaiwa muhtasari wa mkutano. Mashine inaandika rasimu. Mteja anakulipa kwa sababu umeisahihisha. Ukimpelekea rasimu kama ilivyotoka hatarudi, na atakuwa na haki.

Vifaa ni vichache: kompyuta mpakato yenye RAM ya GB 8 au zaidi, hedifoni zinazofunika sikio lote (za kuchomeka sikioni huchosha baada ya saa moja), na diski ya nje ya kuhifadhia kazi. Programu ya msingi ni Whisper, inayogeuza sauti kuwa maandishi, iliyotolewa na OpenAI Septemba 2022. Ni ya bure, na inafanya kazi ndani ya kompyuta yako bila intaneti ukishaipakua. Ina modeli za ukubwa tofauti. Small huhitaji kadi ya michoro yenye kumbukumbu ya GB 2 hivi, medium GB 5, large GB 10. Kwa Kiingereza small inatosha. Kwa Kiswahili haitoshi hata kidogo. Anza na medium, na ukiweza tumia large-v3 (toleo la tatu la large), maana kila kosa ambalo mashine haikulifanya ni dakika uliyookoa. Kama kompyuta yako haina kadi ya michoro, whisper.cpp hutumia prosesa ya kawaida, ila utasubiri. Iache usiku ifanye kazi. Asiyependa kuandika amri atumie Subtitle Edit ya Windows, ambayo inaiendesha Whisper kwa vitufe.

Njia nyingine ni kulipia Whisper mtandaoni kwa OpenAI. Bei yake imekuwa dola 0.006 kwa dakika, yaani saa nzima ya sauti haifiki nusu dola. Mpaka wake ni faili la MB 25. Punguza sauti iwe MP3 ya mono (mkondo mmoja wa sauti) ya kilobiti 32 kwa sekunde, na zaidi ya saa moja na nusu itaingia.

Kabla ya kuilisha mashine, safisha faili. Kwa FFmpeg, programu ya bure ya kubadili faili za sauti na video, amri ni hii:

ffmpeg -i mahojiano.m4a -ar 16000 -ac 1 mahojiano.wav

Saa moja itachukua MB 115 hivi. Fungua faili hilo kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, kata muziki wa mwanzo na mwisho, kata na vimya virefu. Hatua hii wengi huiruka, na ndiyo inayowaponza. Whisper husoma sauti kwa vipande vya sekunde 30, na ikikuta kimya au muziki haikai kimya: inabuni. Itaandika sentensi ambayo hakuna aliyeisema, au itarudia maneno matatu yaleyale ukurasa mzima. Halafu gawa rekodi ndefu katika vipande vya dakika 10 hadi 15, ukikata mahali ambapo msemaji amevuta pumzi, si katikati ya neno.

Kisha iamuru Whisper hivi:

whisper mahojiano.wav --language sw --model large-v3 --output_format srt --condition_on_previous_text False --initial_prompt "Mbagala, Kariakoo, VICOBA, mwenyekiti wa mtaa"

Usiache kuandika sw. Usipoitaja lugha, programu huikisia kwa sekunde 30 za mwanzo, na mhojaji akianza kwa salamu za Kiingereza kazi yote inaweza kuharibika. Sehemu ya False huzuia kosa la kipande kimoja lisirithiwe na kinachofuata. Majina yaliyo mwishoni huisaidia mashine kuandika sawasawa majina ya watu na mahali, lakini kwa mpangilio huu nguvu yake iko kwenye sekunde 30 za kwanza tu za kila faili. Ni sababu nyingine ya kugawa rekodi.

Sasa kazi yenyewe. Sikiliza sauti yote, mwanzo mpaka mwisho, huku macho yako kwenye maandishi. Usisome tu. Rasimu ya mashine husomeka vizuri hata pale ilipokosea, na Kiswahili kinabeba maana kubwa katika silabi ndogo. Kati ya “hakulipa” na “akalipa” kuna tofauti inayotosha kuharibu ushahidi wa mtu, na msemaji mwenye haraka huzitamka karibu sawa. Kwa wanaochanganya l na r, “kura” itaandikwa “kula”. Mbele ya kila kikanushi, hasa ha-, si- na -ja-, simama usikilize tena.

Fedha nazo. Mtu akisema “laki mbili na hamsini” anamaanisha 250,000, lakini mashine inaweza kuandika 200,050. Kila tarakimu irudie kwa sikio. Tafuta pia “ngombe” na “ngambo” zilizopoteza alama ya ng', na maneno ya mtaani ambayo mashine imeyageuza kuwa Kiswahili cha vitabuni. Mteja akitaka maneno kama yalivyosemwa, lahaja na Sheng vibaki. Usiposikia, usibuni, andika [haisikiki 00:12:34] ili mteja aende palepale akasikilize mwenyewe.

Roboti za mazungumzo kama ChatGPT, Gemini na Claude zina nafasi yake, nayo ni finyu. Zipe kazi ya kuweka nukta na mikato kwa kipande cha maneno 400 au 500, ukiagiza wazi: “usibadilishe, usiongeze wala usipunguze neno lolote.” Hata hivyo linganisha na rasimu yako, kwa sababu hupenda kunyoosha lugha. Mkulima aliyesema “mvua imetugomea” anatokea akisema “tumekumbwa na ukame”, na mtafiti aliyekuwa akichunguza maneno ya wakulima amepoteza data. Ukiipa roboti mahojiano ya saa nzima kwa mkupuo, inaweza kufupisha katikati bila kukuambia.

Tafsiri kwenda Kiingereza ifanye baada ya kusahihisha Kiswahili, kamwe si moja kwa moja kutoka kwenye sauti, maana kosa la kusikia na kosa la kutafsiri yakikutana hutajua lipi ni lipi. Kagua mambo matatu kwa makini. Saa: “saa mbili usiku” kwa Kiingereza ni 8 p.m., na mashine hukosea hapa mara nyingi. Jinsia: Kiswahili husema “alifika” bila kutaja mwanamume au mwanamke, na mashine huchagua mwanamume kwa mazoea. Ukoo: “dada” anaweza kuwa binti wa mama mdogo, muulize mteja.

Kwa video, faili la SRT, yaani faili la manukuu lenye muda wake, linaonekana hivi:

14
00:01:04,200 --> 00:01:07,900
Hawakunifahamisha kwamba mkutano
umehamishiwa Jumatano.

Kabla ya milisekunde ni mkato, si nukta; ukikosea hapo baadhi ya programu za video hazitaonyesha manukuu. Weka mistari miwili tu, kila mmoja usizidi herufi 42, na jumla isizidi herufi 17 hivi kwa sekunde. Maneno yetu ni marefu. “Hawakunifahamisha” peke yake ni herufi 17, yaani sekunde nzima ya msomaji. Kwa hiyo utalazimika kufupisha au kuongeza muda. Mstari ukatike kwenye pumzi ya sentensi, usimwache “wa” au “ya” ananing'inia mwishoni.

Bei ipange kwa dakika ya sauti, wala si kwa ukurasa. Jipime kwanza: rekodi safi ya mtu mmoja au wawili huchukua saa mbili hadi tatu kusahihisha kwa kila saa ya sauti, majadiliano ya kikundi chini ya mabati wakati wa mvua yanaweza kufika sita. Tuseme unataka shilingi 8,000 za Tanzania kwa saa yako. Saa moja ya sauti ikikuchukua saa tatu na nusu za kazi, hizo ni 28,000; bando, umeme na uchakavu 4,000; jumla 32,000. Ongeza asilimia 20 ya marekebisho, utapata 38,400. Gawa kwa 60: shilingi 640 kwa dakika. Sauti mbaya, wasemaji zaidi ya watatu na kazi ya haraka viwe na bei yake. Kabla ya kutaja bei, omba dakika mbili za katikati ya rekodi, kwa sababu mwanzo mara nyingi huwa safi.

Ili kupata wateja wa mwanzo, chukua video tatu za dakika moja za watu unaotaka kuwahudumia, ziwekee manukuu yasiyo na kosa, kisha watumie wenyewe kwa ujumbe wa faragha. Usizichapishe bila ruhusa. Mkikubaliana, yaandike hata kama ni kwenye WhatsApp: idadi ya dakika, aina ya unukuzi (neno kwa neno au uliosafishwa), tarehe, nusu ya malipo kabla ya kuanza, na marekebisho ya bure mara moja ndani ya siku saba.

Tanzania, TIN (namba ya mlipakodi) hutolewa bure na TRA, mamlaka ya mapato, na jina la biashara husajiliwa mtandaoni kwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara. Kenya utaanzia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na PIN ya KRA, mamlaka ya mapato ya huko. Jambo linalosahaulika ni sauti za watu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Mahojiano ya wagonjwa, watoto au waathirika wa ukatili yafanyie kazi ndani ya kompyuta yako tu, bila kuyapandisha kwenye huduma yoyote ya mtandaoni, roboti za mazungumzo zikiwemo, na mwambie mteja hivyo kabla hajauliza. Badilisha majina kuwa Mhojiwa 1, Mhojiwa 2, kama mtafiti ameagiza. Mkubaliane siku ya kufuta; siku 30 baada ya malipo ya mwisho zinatosha. Siku hiyo futa sauti, rasimu na nakala ya diski ya nje, kisha mtumie mteja ujumbe kwamba umefuta.