Matawi ya Mzeituni Yakikauka, Anza na Kidonda

Mkulima akiona tawi la mzeituni limekauka, mara nyingi wazo la kwanza huwa ni maji au mbolea. Lakini ukame kwa kawaida huonekana mti mzima, hata safu nzima. Tawi moja likikauka kuanzia nchani kurudi nyuma, na la jirani yake likabaki kijani, shuku ukungu uliojipenyeza ndani ya mti.

Chukua kisu, kwangua gome pale ubichi unapokutana na ukavu. Chini yake utakuta sehemu ya ndani ya tawi imegeuka kahawia. Kisha likate tawi hilo kwa mkingamo: penye ugonjwa huu, sehemu hiyo ya kahawia mara nyingi huwa na umbo la kabari, ncha yake ikielekea katikati. Kwenye matawi yaliyokufa zamani tazama juu ya gome kama kuna vipele vyeusi vidogo sana. Humo ndimo ukungu unamohifadhi spora zake, yaani chembe ndogo sana unazoenea kwazo.

Wahusika wakubwa ni wa familia ya Botryosphaeriaceae, kwa mfano Neofusicoccum mediterraneum na Diplodia seriata. Mvua inaponyesha, vipele hutoa spora, na matone huzirusha hadi kwenye kidonda kilicho wazi: palipopogolewa, palipopigwa na mvua ya mawe, palipochubuliwa na fimbo au mashine ya kuvunia. Kidonda cha kupogoa huweza kupokea ugonjwa kwa wiki kadhaa. Kwa hiyo kupogoa msimu wa mvua ni kuukaribisha. Subiri siku kavu, na usianze kama mvua inatarajiwa karibuni.

Unapokata, usiishie pale ukavu unapokoma. Shuka sentimita 15 hadi 20 chini yake, uangalie sehemu uliyokata. Ukiona kahawia bado, shuka tena mpaka mti uwe msafi. Safisha mkasi na msumeno kwa spiriti kabla ya kuhamia mti mwingine. Matawi yaliyokatwa yaondolewe shambani na kuchomwa, au yateketezwe kwa njia nyingine inayoruhusiwa. Nasisitiza hili kwa sababu lundo la matawi makavu pembeni mwa shamba huendelea kutoa spora kila mvua inaponyesha.

Kunyunyizia dawa ya ukungu kwenye majani hakuponyi mti ulioathirika ndani. Dawa ina faida ikipakwa mapema kwenye kidonda kibichi, nayo iwe imesajiliwa kwa mizeituni. Vipo pia viuatilifu hai vyenye Trichoderma, ukungu rafiki unaopambana na ukungu wa magonjwa.

Kabla ya kukata sana, hakikisha ugonjwa ni huu. Mnyauko wa Verticillium, ukungu mwingine, nao hukausha matawi, ila huingia kupitia mizizi kutoka kwenye udongo, hasa palipolimwa pamba, nyanya au viazi. Bakteria Xylella fastidiosa, aliyegunduliwa kwenye mizeituni ya kusini mwa Italia mwaka 2013, huenezwa na wadudu wanaofyonza utomvu na huanza kwa kuunguza ncha za majani. Ukiwa na shaka, peleka maabara kipande cha tawi chenye mpaka wa ubichi na ukavu. Kilichokauka kabisa hakisaidii sana.

Mti ulioathirika sana usiung'oe haraka. Mzeituni huchipua vizuri kutoka chini: chagua chipukizi moja au mawili yenye nguvu yaliyo chini ya sehemu iliyooza, uyalee yawe matawi makuu mapya, na ya zamani uyaondoe kidogokidogo kila kiangazi.