Umenunua Cessna 172 mtumba? Panga matengenezo hivi

Ndege inazeeka kwa njia mbili, masaa ya injini na kalenda, na wanunuzi wengi wanaangalia masaa tu. Chukua Cessna 172 yenye injini ya Lycoming O-320, ziko nyingi sana huko nje, Lycoming wanaoitengeneza wanasema ovahoo (kuifungua injini yote na kuifanya upya) ni masaa 2,000 au miaka 12, kitakachotangulia. Kwa hiyo ukiambiwa injini ina masaa 600 tu, uliza yamepigwa ndani ya miaka mingapi, kama ni 15 basi kwa kalenda ishapitiliza.

Na kukaa bila kuruka ndiko kunakoziua hizi injini jamani. Kemshafti ya Lycoming (mhimili unaofungua valvu) iko juu ya krankishafti (mhimili unaozungushwa na pistoni), ndege ikipaki muda mrefu oili inashuka yote chini, juu kunabaki kukavu na kutu inaanza, na kama inalala Malindi au Lamu kwenye hewa ya chumvi ndo balaa zaidi. Usidanganywe kuiwasha dakika kumi palepale chini ndio kuitunza, oili haipati joto la kutosha kutoa unyevu, unaongeza maji tu. Irushe, angalau saa nzima mfululizo hewani.

Sasa kaa na injinia wako, fungueni logibuku zote (vitabu vya kumbukumbu za ndege) toka ya kwanza, halafu tengeneza shiti moja: kitu, kilifanywa lini, kwa masaa mangapi, kinadaiwa lini. Oili na filta kila masaa 50 au miezi 4 hata kama hujaruka, magneto (zinazotoa cheche za kuchoma mafuta kwenye injini) kufunguliwa kila masaa 500, betri ya kile kifaa cha kutuma ishara ndege ikianguka (tarehe imeandikwa juu yake), ukaguzi wa mwaka, cheti cha KCAA (mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya) kama umesajili Kenya. Weka pia maagizo ya lazima ya usalama, mfano reli za viti vya Cessna, tundu zake zinazoshikilia kiti zikilika, kiti kinateleza nyuma wakati unapaa na mikono yako haifiki tena kwenye usukani, watu wameshakufa hivyo.

Pesa: injini ikiwa na masaa 1,400, bei ya ovahoo gawanya kwa 600 yaliyobaki, sio kwa 2,000, maana aliyekuuzia hakukuachia akiba ya yale aliyotumia. Hiyo itenge kila saa unayoruka, usiiguse.

Halafu kila filta inayotolewa ikatwe mbele yako. Vuta ile karatasi ya ndani, ikunjue, ioshe na petroli safi kwenye beseni, pitisha sumaku. Vumbi jeusi la kaboni ni kawaida. Vipande vinavyong'aa vikiganda kwenye sumaku ni chuma, inaweza kuwa kemshafti inalika, ndege isitoke hapo mpaka injinia ajue vimetoka wapi, hata kama kesho mna safari ya Mara na watu wameshapaki mabegi.