Tangawizi kwanza, maziwa baadaye
Kipupwe, yaani Juni hadi Agosti, upepo wa kusi unapoipoza Dar es Salaam na usiku kushuka hadi nyuzi 19 hivi, ndicho kipindi cha kukaa barazani na chai ya maziwa yenye tangawizi bila kutokwa jasho. Ili maziwa yasikatike, ponda tangawizi mbichi, uichemshe ndani ya maji matupu kwa dakika 5 ndipo umimine maziwa, kwa kuwa ina kimeng'enya kinachoyagandisha, nacho huharibiwa na maji yanayotokota. Majani mimi huyatia mwisho, maana yakichemka mno chai huwa chungu. Maziwa yaliyokwisha kuanza kuchacha, hasa yaliyolala nje ya friji, yatakatika tu hata tangawizi ichemke nusu saa.