Kuchukua Sampuli ya Uvimbe wa Mapafu kwa Kupitia Umio

Wagonjwa wengi wenye uvimbe kifuani hutufikia hapa Kisumu wakiwa wameshatumia dawa za kifua kikuu kwa miezi kadhaa, ingawa makohozi yao hayakuwahi kuonyesha vijidudu vya ugonjwa huo. Kwa hiyo sindano yetu, inayopitishwa kwenye umio kwa endoskopu ya ultrasaundi (bomba lenye kamera na kipimo cha mawimbi ya sauti), hutafuta majibu mawili kwa pamoja: kama kuna saratani, na kama kuna kifua kikuu. Mwongozo huu ni wa daktari mwenye ujuzi wa endoskopia anayejifunza chini ya msimamizi.

Hatua ya kwanza ni kusoma skani ya CT kwa makini. Kupitia umio utafikia uvimbe unaougusa, pamoja na tezi za limfu, ambazo kifuani hupangwa kwa vituo vyenye namba: za kituo cha 4 upande wa kushoto na za vituo vya 7, 8 na 9. Tezi zilizo mbele ya bomba la hewa hazionekani, kwa kuwa hewa huzuia mawimbi ya sauti. Hizo hufikiwa kwa njia ya hewa. Pakiwa na pafu lenye hewa kati ya umio na uvimbe, usichome.

Hatua ya pili, mgonjwa asile kwa saa 6, na aache kutumia clopidogrel (dawa ya kuzuia damu kuganda) siku 5 hadi 7 kabla, baada ya kushauriana na daktari wake wa moyo. Aspirini inaweza kuendelea.

Hatua ya tatu hurukwa na wengi, nami naisisitiza: kagua kwanza umio kwa endoskopu ya kawaida. Magharibi mwa Kenya saratani ya umio ni nyingi mno, na mgonjwa aliyezoea kula uji huenda asikuambie kwamba ugali unamkwama mpaka umuulize. Endoskopu ya ultrasaundi ina ncha ndefu isiyopinda na hutazama kimshazari, hivyo unaisukuma bila kuona vizuri kilicho mbele yake. Ikikutana na sehemu iliyobana na ukatumia nguvu, umio utapasuka. Ukihisi ukinzani, acha.

Hatua ya nne, mlaze kwa ubavu wa kushoto, mpulizie ganzi kooni na umpe dawa ya usingizi mwepesi. Shuka hadi tumboni, utazame ini na tezi ya adrenali ya kushoto, ambako saratani ya mapafu hupenda kusambaa, kisha rudi juu polepole ukizungusha chombo. Takriban sentimita 30 kutoka kwenye meno utaona kituo cha 7 kati ya atriamu ya kushoto (chumba cha juu cha moyo) na ateri ya mapafu. Karibu na sentimita 25, kati ya upinde wa aota na ateri ya mapafu ya kushoto, kipo cha 4.

Hatua ya tano ni kuchoma. Washa Dopla, inayoonyesha damu inayotiririka, uhakikishe njia haina mshipa wa damu, kisha tumia sindano ya geji 22. Anza na tezi zilizo mbali zaidi na uvimbe, umalizie na uvimbe wenyewe, la sivyo utabeba seli za saratani hadi kwenye tezi safi na kumnyima mgonjwa upasuaji ambao ungemfaa. Sogeza sindano mbele na nyuma mara 10 hadi 15, ukibadilisha mwelekeo kidogo. Kifuko chenye majimaji usikiguse, kwani maambukizi ya katikati ya kifua yanaweza kuua.

Kama hakuna mtaalamu wa saitolojia (uchunguzi wa seli) chumbani, choma angalau mara 3. Slaidi nyingine zikaushwe kwa hewa, nyingine zitiwe kwenye alkoholi ya asilimia 95. Sampuli ya GeneXpert, kipimo cha haraka cha kifua kikuu, iwekwe kwenye maji ya chumvi safi kabla ya nyingine yoyote kuingia kwenye fomalini, dawa ya kuhifadhi sampuli ambayo huua vijidudu. Nimeona sampuli nzima ikitiwa fomalini, na kipimo cha kuotesha vijidudu kikawa hakiwezekani tena.

Mwangalie mgonjwa hadi azinduke kabisa. Homa, maumivu makali ya kifua au hewa chini ya ngozi ya shingo huhitaji skani siku hiyohiyo. Jibu likisema hakuna saratani ilhali skani inatia shaka, usimwachie. Mpeleke kwa daktari wa upasuaji wa kifua.